Dondoo ya mti imeua vimelea kwenye chupa. Je, imetibu malaria? Maelezo marefu kutoka maabara

FundiHadubini

Wakuu, salaam.

Kila baada ya miezi kadhaa habari hii inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: watafiti wamegundua mti unaotibu malaria. Kuna picha ya majani, jina la chuo, na chini yake watu wanaulizana mti unapatikana wapi na unachemshwaje. Kazi yangu ni maabara ya vimelea. Nimevilisha vimelea vya malaria, nimevihesabu na kuviua kwa miaka mingi, na mijadala hii huwa naipita kimya. Leo nimeamua kuandika, kwa sababu wanaodharau miti shamba na wanaoiamini kupita kiasi wote wanaruka jambo lilelile: namna dawa inavyoandaliwa. Jina la mti peke yake si dawa.

Kwanza niwaeleze tunachofanya, ili siku nyingine mkisoma "mti umeua vimelea" mjue maana yake.

Mti ukiletwa tunataka tawi lenye maua au matunda. Linabanwa kwenye magazeti, linakaushwa, linapelekwa kwa mtaalamu wa mimea alipe jina la kisayansi na kulihifadhi kwa namba. Usione ni urasimu. Mjafari wa mtu wa pwani huko bara wengine wanauita mlungulungu, na kuna majina ya kienyeji yanayobeba miti mitatu tofauti. Ukikosea hapa, kazi yote ya mbele ni bure.

Baada ya hapo sehemu ya mti (gamba, mzizi au jani) inakaushwa kivulini, inasagwa, inalowekwa kwenye kimiminika, mara nyingi methanoli, ethanoli au maji. Tunachuja, tunavukiza kile kimiminika, kinabaki kitu cheusi kinachonata chini ya chupa. Hicho ndicho tunakiita dondoo.

Vimelea navyo vinaishi maabara. Mwaka 1976 Trager na Jensen, pale New York, walionyesha kwamba kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kinaweza kuishi mfululizo ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu kwenye sahani za maabara. Waliziweka sahani kwenye chombo, wakawasha mshumaa ndani, wakafunika, mshumaa ukapunguza oksijeni hadi ukazimika. Kimelea hiki hakipendi oksijeni nyingi. Zipo maabara ambazo zimetumia mshumaa huohuo miaka mingi baadaye, mitungi ya gesi maalumu ikiwa ghali.

Dondoo inapunguzwa nguvu hatua kwa hatua, inawekwa kwenye visima 96 vya sahani ya plastiki pamoja na damu yenye vimelea, na pembeni inawekwa dawa ya malaria, klorokwini au artemisinini, ya kulinganishia. Siku mbili au tatu baadaye tunapima vimebaki vimelea vingapi. Kiasi cha dondoo kinachozuia nusu ya vimelea kinaitwa IC50. Namba ikiwa ndogo, dondoo ina nguvu.

Kichwa cha habari huzaliwa hapa. Mtafiti ameandika "dondoo imeonyesha uwezo dhidi ya vimelea", gazeti linaandika "dawa yapatikana".

Ndugu zangu, hata sabuni ya kufulia inaua vimelea kwenye chupa. Kwa hiyo dondoo hiyohiyo lazima iwekwe juu ya seli hai za mwili, kwa kawaida seli za figo ya nyani zinazoitwa Vero, tuone kama inaziua nazo. Ikiua vyote kwa kiasi kilekile, mkononi una sumu. Ikivuka hapo inakwenda kwa panya. Panya wanaambukizwa Plasmodium berghei, malaria yao wenyewe isiyompata binadamu, wanapewa dozi kwa siku nne, halafu damu inaangaliwa. Dondoo nyingi zinaishia hapa: nyingine haifyonzwi tumboni, nyingine ini linaivunja kabla haijafika kwenye damu.

Sasa lililonifanya niandike. Kuna mzee mmoja, mganga wa tiba asili, alitupa mti wake. Mti sitautaja, tulikubaliana naye hivyo. Niliketi naye karibu saa nzima akinieleza, na mimi nilikuwa na fomu yenye nafasi za kujaza: jina la mti, sehemu inayotumika, ugonjwa. Nilijaza nikaondoka. Maabara tukakausha gamba la mzizi, tukasaga, tukaloweka kwenye methanoli kama tunavyofanya siku zote. Matokeo ya vimelea yalitufurahisha. Ya Vero yakatuvunja moyo, seli nazo zilikufa vibaya.

Nikarudi kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, nani aliwaambia mkaushe?" Yeye anaponda gamba bichi, analilaza kwenye maji baridi usiku kucha, asubuhi anamwaga yale maji. Anatia mengine, na haya ya pili ndiyo anayompa mgonjwa. Yale ya kwanza anasema ni makali.

Alikuwa amenieleza yote hayo siku ile ya kwanza. Fomu haikuwa na nafasi ya kuyaandika, nami sikuyaandika. Kosa ni langu. Tuliporudia kwa njia yake, ukali ulishuka sana. Nguvu dhidi ya vimelea nayo ilishuka, sitawaficha, na kazi bado haijaisha. Lakini mtu aliyetenganisha maji ya kwanza na ya pili alikuwa anafanya uchunguzi wake miaka mingi kabla yetu.

Karibuni tujadili. Nitajibu nikitoka zamu.

NesiWaKijijini

Mkuu, asante kwa uzi. Naomba niseme jambo moja kabla watu hawajaanza kuulizana miti.

Mimi niko kituo cha afya. Msimu wa mvua napokea watoto wenye degedege, wengine hawajitambui, macho yamepinduka, damu imeisha. Ukimuuliza mama anasema amempa mwarobaini siku nne. Si mama mbaya, alikuwa anamtibu mwanawe kwa alichokuwa nacho. Wengine tunawawahi. Wengine hatuwawahi, na mimi ndiye ninayemfunika yule mtoto. Nawaombeni, mtoto akiwa na homa mlete apimwe siku hiyohiyo.

FundiHadubini

Dada Nesi, ahsante, na pole kwa mzigo huo. Nakuunga mkono kwa neno lote. Malaria ya falciparum kwa mtoto mdogo inaweza kugeuka kali ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu na majibu ni dakika kama 15 hadi 20, na dawa ya mseto (dawa mbili za malaria kwa pamoja) ipo. Kila ninachosema hapa ni habari ya kutafuta dawa ya kesho. Mtoto mwenye homa leo apelekwe kituoni leo.

MkulimaKagera

Mkuu, huo mseto si umetokana na mti wa Wachina, artemisia? Huku kwetu kuna watu wanaupanda uani na kunywa chai yake. Kwa nini tusinywe chai tu?

FundiHadubini

Mkuu, swali zuri. Jibu refu kidogo.

Mwaka 1967 China ilianzisha mpango wa siri ulioitwa Mradi 523, kwa kuwa ulianza tarehe 23 mwezi wa tano. Vita ya Vietnam ilikuwa inaendelea, wanajeshi wa msituni wanauawa na malaria, klorokwini imeanza kushindwa. Mwaka 1969 mama mmoja, Tu Youyou, akapewa kuongoza kikundi cha kutafuta dawa kwenye tiba asili ya kwao. Hakuwa na shahada ya uzamivu wala hakuwahi kusoma nje. Kikundi chake kilipitia maandalizi zaidi ya 2,000 ya dawa za miti, kikatengeneza dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea kama 200, kikazijaribu kwa panya.

Mti wao wa qinghao, ambao ndio Artemisia annua, ulionekana kufaa mara ya kwanza. Waliporudia ukakataa. Wangeweza kuuweka kando. Tu Youyou akarudi kwenye vitabu vya kale na kukuta maelezo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4: chukua konzi ya qinghao, iloweke kwenye maji, ikamue, unywe maji yake. Kuloweka na kukamua. Hakuna kuchemsha.

Akajiuliza kama moto ndio unaoharibu dawa. Akabadilisha njia, akatumia etha, ambayo inachemka kwa nyuzi 35 hivi tu. Tarehe 4 Oktoba 1971 dondoo hiyo ikasafisha vimelea vyote kwenye damu ya panya, na kwa nyani pia. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kuhakikisha haina madhara, ndipo ikaenda kwa wagonjwa. Mwaka huohuo wakaipata artemisinini yenyewe ikiwa safi. Mwaka 2015 akapewa Nobel.

Mnaona inavyokutana na habari ya mzee wangu? Mti ulikuwa unajulikana kwa karne nyingi. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa namna ya kuuandaa.

Sasa chai. Artemisinini haipendi maji, haiyeyuki humo vizuri. Kiasi chake kwenye majani kinabadilika kwa mbegu, udongo, mwezi wa kuvuna na namna ya kukausha. Kikombe cha leo si cha kesho. Homa inashuka, vimelea vichache vinabaki, ugonjwa unarudi. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo mwaka 2019 kwamba haliungi mkono majani au chai ya artemisia kutibu au kukinga malaria.

Na wewe uko Kagera, kwa hiyo hili linakuhusu zaidi. Vimelea vyenye badiliko la vinasaba linaloitwa R561H, linaloendana na kuchelewa kuisha kwa vimelea mgonjwa anapopewa dawa za artemisinini, vilionekana Rwanda, kisha vikaonekana Kagera. Tukipitisha vimelea kwenye dozi dogodogo, tunaviacha vile vigumu vizaliane. Klorokwini tuliipoteza tukaachana nayo mwaka 2001, SP (sulfadoksini na pirimethamini) ikashika nafasi ya tiba ya kwanza kwa miaka michache tu, mseto ukaingia mwishoni mwa 2006. Dawa za kukimbilia siku mseto ukichoka hazijajaa kwenye rafu. Ndiyo maana miti hii ipimwe sawasawa.

MkulimaKagera

Nimekuelewa mkuu. Hilo la vimelea vya huku sikuwa nalijua.

MsukumaWaZiwani

Umeongea malaria tu. Huku kando ya ziwa kichocho ndicho kinatumaliza. Hakuna mti wa kichocho?

FundiHadubini

Mkuu, upo mmoja ambao nikiufikiria nafurahi, ingawa haumezwi. Unaua konokono.

Mwaka 1964, Adwa, kaskazini mwa Ethiopia, daktari kijana Aklilu Lemma alikuwa akichunguza kichocho kwenye mto. Akaona mahali pamoja konokono wengi wamekufa. Juu kidogo ya mahali hapo kina mama walikuwa wanafua nguo kwa matunda ya endod, ambayo kule ni sabuni tangu zamani. Akawaomba wafue sehemu nyingine ya mto ambako konokono walikuwa hai. Nao wakafa. Bila konokono kimelea cha kichocho kinakosa pa kukulia kabla ya kuingia kwa binadamu.

Sikilizeni sasa jambo la kemia. Ndani ya tunda zima, ile saponini (kemikali inayotoa povu kama sabuni) imefungwa sukari za ziada na haiui konokono. Ukiponda tunda kwenye maji, vimeng'enya vya tunda lenyewe vinazikata zile sukari, na hapo ndipo sumu ya konokono inapatikana. Ukiloweka kwenye methanoli, vimeng'enya havifanyi kazi, unapata ile iliyofungwa. Mtaalamu anayekimbilia methanoli angeandika kwamba mti haufai. Wale mama waliokuwa wanaponda na kufua mtoni walikuwa wanaitengeneza dawa kila siku ya kufua. Aklilu Lemma na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989.

Tahadhari: endod inaua samaki pia, usiimwage ziwani kwa mawazo yako. Kwa mtu mwenye kichocho dawa ni prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito, mara nyingi miligramu 40 kwa kila kilo.

MamaWatoto3

Na mbegu za papai kwa minyoo? Mama yangu alikuwa anatusagia. Ni kweli au tulikuwa tunateswa tu?

FundiHadubini

Mama Watoto, mama yako alikuwa kwenye njia. Nigeria walifanya jaribio dogo, lilichapishwa mwaka 2007. Watoto 60 wenye vimelea vya tumboni, nusu wakapewa mbegu za papai zilizokaushwa zikachanganywa na asali, nusu asali peke yake. Baada ya siku saba, watoto 23 kati ya 30 wa papai choo chao kilikuwa safi, wa asali ni 5 kati ya 30. Matokeo mazuri, ila ni watoto wachache na muda ni mfupi. Albendazoli ya shuleni waendelee kuimeza.

Nalipenda jaribio hili kwa sababu walichukua kitu kinavyotumika nyumbani, wakakipima kwa watu, na wakaweka kundi la kulinganisha. Mali nao walienda mbali zaidi kwa malaria. Walianza kwa wagonjwa kabla ya kugusa chupa: wakapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani aliugua, alitumia mti gani, aliuandaaje, na alipona au hakupona. Uliojitokeza ni Argemone mexicana, ule mmea wa miiba wenye maua ya njano unaoota hata kando ya barabara zetu. Wakapima chai ya majani yake dhidi ya mseto wa atesuneti na amodiakwini. Wasiohitaji dawa ya pili walikuwa asilimia 89 upande wa mti na asilimia 95 upande wa mseto. Mseto ulishinda, ila mti haukuachwa mbali. Msiende kuuchuma. Mbegu zake zina sumu inayovimbisha mwili na kudhuru moyo, na mbegu na jani vinakaa kwenye shina moja.

MjukuuWaPangani

Mkuu FundiHadubini, nimesoma uzi wote mara mbili. Bibi yangu ana miaka themanini na kitu, yuko Pangani, anatibu homa na kichocho, watu wanatoka mbali kumfuata. Hataki kumwambia mtu. Anasema waliwahi kuja watu na kamera na madaftari, wakachukua mizizi, hawakurudi hata kumpa salamu. Ukisikia hivyo unamshawishije?

FundiHadubini

Mjukuu, bibi yako ana haki, na usimshawishi haraka. Watu wa maabara tumewakosea wazee wengi kwa namna hiyo.

Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, ambako waganga wanasajiliwa. Kuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) wana kituo chao cha utafiti wa dawa asili Mabibo. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inapima usalama wa dawa hizi. Kimataifa kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayotaka mwenye mti na mwenye maarifa akubaliane na mtafiti kwanza, na faida igawanywe. Mtafiti yeyote akija, aonyeshe kibali cha maadili na mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili, bibi asomewe, aulize maswali, ndipo aamue. Akikataa, amekataa.

Usisubiri watafiti lakini. Bibi akiridhia, keti naye wewe mjukuu, uandike kwenye daftari libaki nyumbani kwenu, mali ya familia. Usiandike jina la mti tu. Andika anachimba mwezi gani na saa ngapi. Mbichi au mkavu? Anaponda kwa kutumia nini, kinu au jiwe? Maji ya moto au baridi, kiasi gani, kwa muda gani, na yapi yanamwagwa? Anachanganya na nini? Mgonjwa anakunywa kiasi gani, mara ngapi, nani hapewi kabisa? Hili la mwisho usilisahau, wazee wengi hawampi mjamzito na wana sababu. Usichague la kuandika kwa kuona hili ni la maana na lile ni imani. Yaandike yote.

Na ubane tawi lenye maua kwenye gazeti, na tarehe na mahali.

NesiWaKijijini

Mjukuu, na mimi naongeza: muulize bibi anajuaje kwamba mgonjwa huyu amemshinda, ampeleke hospitali. Wazee wazuri wanajua dalili hizo. Hapa kwetu yupo mmoja ananiletea watoto mwenyewe, anawabeba mgongoni.

MjukuuWaPangani

Nawarudishia mrejesho baada ya wiki mbili. Nilienda. Sikumtajia utafiti wala maabara, nilimwambia nataka kujifunza kabla hajachoka. Alinitazama muda, akaniambia nibebe jembe.

Nimeandika kurasa kumi na moja. Anachimba mizizi ya upande wa mashariki wa mti tu, alfajiri, kabla jua halijapiga, na anafukia shimo ili mti usife. Gamba anakwangua siku hiyohiyo, likilala halitumii tena. Nilipomuuliza kwa nini, alisema likilala linabadilika rangi na mtu akilinywa anatapika. Mjamzito hampi. Mtoto asiyenyonya vizuri hampi, anampeleka zahanati. Mti wa kichocho ni mwingine kabisa, amesema atanionyesha mvua zikinyesha kwa sababu sasa hauna majani na nitaukosea.

FundiHadubini

Likilala linabadilika rangi. Mjukuu, hilo la rangi liandike kwa kirefu: linaanza rangi gani, linakuwa rangi gani, baada ya muda gani. Ukirudi mvua zikinyesha muulize tena, halafu kata kipande, kiache juu ya bati uangalie saa yako.